Futi Nne Juu ya Bamvua

Dzoro wa Chonga alikuwa mtu wa kuinua vitu vizito. Alizaliwa Mazeras, mtoto wa mkata mawe wa Kiduruma, na alipotimiza miaka ishirini aliajiriwa reli, katika kikosi cha kuitwa kila behewa linapoanguka. Ni kazi ambayo wengi hawaijui. Gari moshi likitoka njiani, watu huona ajali, lakini wanakikosi huona uzito. Walikuja na jeki zao za chuma na mataruma, yale magogo mazito yanayolazwa chini ya reli, wakaliinua behewa inchi kwa inchi, na kila inchi iliyopanda ikafuatwa na gogo la kuishikilia. Sauti ya Dzoro ndiyo iliyowaongoza. "Pandisha. Simama. Fuatisha gogo." Hakuna aliyegusa jeki kabla hajanena.

Mwaka wa themanini na sita, bondeni karibu na Mariakani, alisema "Shusha" mapema mno. Gogo moja lilikuwa limekaa upande. Behewa liliteleza, na mguu wa kulia wa mwenzake Tom, mtu wa bara aliyekuwa akicheka naye kila siku, ukasagika kuanzia kifundoni. Dzoro alikwenda hospitali mara moja tu. Alisimama kwenye mlango wa wadi, akakiona kitanda, akageuka. Tangu siku hiyo hakuonana tena na Tom, ingawa waliishi mji mmoja na Tom alipewa kazi ya kukaa katika stoo ya vipuri.

Wafanyakazi walipopunguzwa, Dzoro alikuwa miongoni mwao. Jeki nne za zamani ziliuzwa kama vyuma chakavu, akazinunua yeye. Mkewe alimuuliza ni za nini. Zilikaa chini ya kitanda chao Changamwe, na kila mwisho wa mwezi alizitoa, akazipaka grisi, akazirudisha. Kwa riziki alichanganya zege kwa watu.

Ndivyo alivyokuwa mwaka wa tisini na saba, mvua za Elnino zilipoanza.

Mwezi wa Oktoba, mama mmoja aitwaye Mejumaa alifika Ndia Kuu, mjini Mombasa, akiwa amechelewa, buibui limelowa mpaka magotini. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi mbele ya ofisi ya wachoraji wa ramani za nyumba. Mmoja wa wachoraji hao alikuwa msichana mwembamba aitwaye Winnie, na ndiye aliyemuuliza.

"Shikamoo, mama. Kwani kuna nini leo?"

"Marahaba, mwanangu. Bahari imelala kwangu," Mejumaa akasema, akipanga sahani. "Bamvua hii si ya kawaida. Maji yameingia kwa mlango wa mbele yakatoka kwa mlango wa nyuma, kama wageni wa arusi. Unga wote umekwenda."

Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa bahari, Kibarani, mahali ambapo zamani kulikuwa matope matupu. Taka za mji zilimwagwa hapo mwaka baada ya mwaka, watu wakasawazisha, wakajenga juu yake. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, miti na mabati, sakafu ya simiti iliyolala chini sawasawa na njia. Marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake. Zamani, siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi kwa mwezi mpevu, bahari iliishia hatua kumi kutoka mlangoni. Kisha ikawa hatua tano, kisha ikabisha hodi. Sasa ilikuwa ndani.

Winnie alikwenda kuiona Jumapili. Alipima, akapiga magoti, akachungulia chini ya kuta.

"Wenzangu watakwambia ujenge ukuta mbele," alisema. "Lakini ukuta utayazuia maji ya bahari huku, na ya mvua yatakaa ndani kwa sababu hayana pa kutokea. Mimi ningeiinua nyumba nzima, mama. Maji yapite chini, yaje na yaende zake."

"Uinue nyumba? Kama kikapu?"

"Kama kikapu."

Usiku huo alimweleza baba yake. Baba alinyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda. Halafu akasema, "Mombasa nzima anayeweza kazi hiyo ni mmoja. Anaitwa Dzoro, yuko Changamwe. Mwambie nimekutuma mimi."

Winnie hakujua mguu wa baba yake ulivunjwaje, maana nyumbani ilisemwa "ajali ya reli" na basi. Kwa hiyo alipofika Changamwe akaeleza shida ya Mejumaa, hakuelewa kwa nini mzee huyu mwenye mabega mapana aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani aliyekupa jina langu?"

"Baba yangu. Tom, wa stoo."

Dzoro aliinuka, akaingia chumbani. Winnie alisikia chuma kikiburutwa sakafuni.

Walipokutana Kibarani kwa kipimo cha mwisho, walibishana. Dzoro alitaka futi mbili na nusu. Alama ya maji ya Oktoba ilikuwa magotini tu, na kila futi inayopanda huongeza hatari, kwa sababu kitu kilichoinuliwa hutafuta pa kuangukia.

"Futi nne," Winnie akasema.

"Binti, mimi nimeinua mabehewa kabla hujazaliwa."

"Najua, mzee. Lakini behewa ukishalirudisha njiani limekwenda. Nyumba itakaa hapa. Ofisini twasoma kwamba bahari zote zapanda, kidogo kidogo, kila mwaka unene wa sarafu. Wewe na mimi hatutaona tofauti. Wajukuu wa mama Mejumaa wataiona."

Dzoro alimtazama Mejumaa. Mejumaa alikuwa akitazama alama ya tope kwenye ukuta aliojenga mumewe.

"Nne," akasema mwenye nyumba.

Walianza wakati wa maji mafu, siku zile bahari haina nguvu. Vyombo vya Mejumaa vilipelekwa Kibokoni kwa shangazi yake, Sheikha. Dzoro na vibarua wawili walizikaza kuta kwa mikingamo, mbao za kukatiza, wakapitisha mihimili miwili mirefu chini ya kuta, juu kidogo ya sakafu, wakaikaza kwa bolti kwenye miti ya kuta, ndipo wakaikata miti hiyo usawa wa ardhi. Nyumba ikawa haishiki tena nchi, sakafu yake ya simiti ikabaki chini. Ilikaa juu ya jeki nne, moja kila kona, na chini ya kila jeki kulikuwa na mataruma yaliyopangwa msalaba.

Majirani walikuja kutazama. Rispah, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, upande wa baharini, alifunga mikono kifuani. "Mzee, hiyo ikilala itanilalia mimi na watoto wangu."

"Ndiyo," Dzoro akasema. "Ndiyo maana siku za kuinua utawatoa."

Hakumtuliza kwa uongo, na Rispah akamheshimu kwa hilo, ingawa hakufurahi.

Ilipanda inchi moja kila kona, zamu kwa zamu. Mejumaa alipewa kazi ya kushika mpira mwembamba wa maji, ule ambao mafundi hupimia usawa. Maji yakilingana ncha zote mbili, nyumba imenyooka. Alijifunza siku moja. Siku ya nne nyumba ilikuwa futi nne juu, na mtu aliyekaa chini yake kwa kuchuchumaa aliweza kuona bahari upande wa pili.

Kilichobaki ni nguzo. Winnie alichora nguzo sita za zege, zimiminwe ndani ya mapipa yaliyotobolewa chini, kila moja ikisimama juu ya mwamba. Tano zilikubali. Ya sita, kona ya baharini, upande wa Rispah, ilikataa. Walichimba futi sita na bado walitoa makaratasi ya plastiki, chupa, nyayo za viatu. Takataka za miaka thelathini. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, shimo likajaa, kingo zikamomonyoka. Kufikia Ijumaa kona tatu zilikuwa zimetua juu ya zege na jeki zake zikawekwa kando. Kona ya nne bado ilining'inia juu ya jeki na mataruma, na chini ya mataruma kulikuwa na uji. Na mwezi ulikuwa mpevu.

Jumamosi bamvua ilitazamiwa kujaa saa kumi na nusu alasiri. Vibarua hawakutokea, mvua ilikuwa imevunja njia ya kwao Miritini. Saa nane Mejumaa aliweka mpira wake wa maji kwa mazoea tu, akaukodolea macho.

"Mzee Dzoro. Njoo uone. Kona imeshuka inchi."

Alikuja. Alipima mwenyewe. Walipokuwa wakitazama, mti mmoja wa ukuta ulilia, mlio mkavu kama wa fupa linalovunjika.

"Inchi na nusu," Mejumaa akasema.

"Mtoe Rispah. Sasa hivi."

Rispah hakubishana. Alibeba mtoto mmoja mgongoni, akamkamata mwingine mkono, akapita akikimbia kwenye tope, mvua ikimpiga usoni. Winnie, aliyekuwa amekuja na michoro yake chini ya koti la mvua, alisimama mdomo wazi. Ni yeye aliyesema futi nne.

Dzoro alizunguka nyumba mara mbili. Kuongeza magogo pale pale konani kungekuwa kulisha tope. Lakini hatua moja na nusu ndani, chini ya nyumba, ilikuwepo sakafu ya zamani ya Mejumaa, bamba zima la simiti ambalo halijapasuka. Bamba kama hilo lingegawa uzito. Jeki tatu zilikuwa huru. Angeweza kupanga mataruma juu ya sakafu hiyo, akaweka jeki, akaukamata mhimili kutoka ndani kabla kona haijazama. Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, mtu lazima aingie chini ya nyumba inayoshuka. La pili, mataruma ni mti, na mti huelea. Maji yakifika kabla magogo hayajabeba mzigo, magogo hayo yataelea yaende zake.

Bahari ilikuwa tayari inalamba ngazi ya Rispah.

"Nitaingia," akasema. "Lakini nikiwa ndani sioni kona wala sioni kipimo. Nataka mtu wa kuita. Mtu anayeijua kazi." Alimgeukia Winnie. "Binti, baba yako yuko wapi saa hizi?"

"Nyumbani, Landi za Makupa, kwenye nyumba za reli."

"Kamlete."

Winnie aliondoka mbio. Dzoro na Mejumaa waliburuta mataruma mawili mawili, yeye mbele na mama nyuma, buibui limefungwa kiunoni. Kila mara ukuta ulipolia walisimama, wakangoja, wakaendelea. Magogo kumi na mawili yalikuwa yamekwisha ingia chini ya nyumba Tom alipofika, akishikwa mkono na binti yake, mkongojo ukizama kwenye matope kila hatua. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

Wanaume wale wawili walitazamana. Miaka kumi na moja ilikuwa imemnyoa Tom nywele zote.

"Kona hiyo?" Tom akauliza.

"Hiyo."

"Inashuka kiasi gani?"

"Inchi tatu tangu saa nane."

"Basi ingia."

Dzoro alijipenyeza chini. Giza la huko lilikuwa na harufu ya samaki na taka mbichi. Alipanga mataruma msalaba juu ya simiti, safu baada ya safu, akiwa amepiga magoti, na maji yakamfuata, vidole, kisha mapaja. Aliburuta jeki, akaisimamisha. Kichwa cha jeki kikagusa mhimili.

"Tayari," akaita.

Nje, Tom alikuwa amekaa juu ya pipa, jicho moja kwenye mpira wa maji aliokuwa ameushika Mejumaa, jingine kwenye kona. "Gogo limekaa?"

"Limekaa."

"Liangalie tena."

"Tom, maji yananifika kiunoni."

"Nimesema liangalie tena!"

Dzoro alizamisha mkono, akapapasa safu ya chini. Safu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, gogo la kulia lilikuwa limesukumwa na maji, upana wa vidole vitatu, na ncha yake ilikuwa hewani. Angeligeuza jeki hivyo, rundo lote lingeruka upande, na yeye alikuwa amepiga magoti upande huo huo.

Alilivuta likarudi.

"Lilikuwa limetoka," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kule nje waliisikia. "Sasa limekaa."

"Pandisha," Tom akaita.

Alizungusha. Robo. Nusu. Mhimili ulinguruma.

"Simama. Mama, sema."

"Imeacha kushuka," Mejumaa akasema. Midomo yake ilikuwa ikitembea, dua au hesabu, hakuna aliyejua.

"Pandisha. Taratibu. Simama. Fuatisha gogo."

Akafuatisha kipande cha gogo kati ya safu na mhimili, akakipiga kwa nyundo ndani ya maji, nyundo ikiwa nzito kama ndotoni. Wimbi la kwanza la kweli liliingia likampiga kifuani. Mataruma yalitikisika, yakataka kuondoka, lakini sasa nyumba ilikuwa imeyakalia, yakabaki.

"Pandisha. Pandisha. Simama!" Tom aliinuka bila mkongojo. "Imepokea! Kona imeachia, mzigo wote uko kwako. Toka, Dzoro! Toka upande wa nyuma!"

Alitoka akiogelea zaidi kuliko kutambaa. Winnie na Mejumaa walimvuta mabegani, wakamburuta mpaka juu njiani, pasipofikiwa na maji, wakamlaza mchangani. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imechunika. Walibaki hapo kwenye mvua, wote wanne, wakiitazama nyumba. Saa kumi na nusu bahari ilikuwa imepita kila ilipopita Oktoba, ikaingia kwa Rispah, ikafunika vigoda vyake. Chini ya nyumba ya Mejumaa ilipita ikivuma, ikabakisha nafasi ya shibiri moja kufika mihimili. Nyumba ingekuwa futi mbili na nusu, maji yangeingia. Dzoro aliona hilo, na Winnie akajua kwamba ameliona.

Maji yalipoanza kupwa, Tom alisema, "Ulikuja hospitali ile siku. Nilikuona mlangoni."

Dzoro alifuta uso. "Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka uondoke." Alichezea ncha ya mkongojo wake. "Halafu hasira ikaisha, nikakungoja. Nawe hukuja tena."

"Sikujua niseme nini."

"Hata mimi nisingejua nijibu nini. Lakini ungekuja."

Kona ile ilipata msingi wake majuma mawili baadaye. Hawakuutafuta mwamba tena. Winnie alichora bamba pana la zege, kama sinia, lilale juu ya taka badala ya kuzipenya. Nyumba haikuwa nzuri. Mlango wa mbele ulikuwa umepinda, haukufungika mpaka uliporandwa, na mabati ya upande wa baharini yalibaki na mkunjo. Mejumaa alipanda ngazi yake mpya ya mbao akiwa na mkungu wa ndizi, akaketi kwenye sakafu mpya ya mbao, akalia mpaka akachoka.

Rispah alikuwa wa pili kuinuliwa. Kufikia mwisho wa mwaka wa tisini na tisa walikuwa wameinua nyumba tisa pale ukingoni, Dzoro kwenye jeki, Tom juu ya kiti akiita. Ya sita ilianguka. Miti yake ilikuwa imeliwa na mchwa ndani kwa ndani, ikajikunja usiku wa pili kama karatasi. Hakuumia mtu, kwani hapakuwa na mtu ndani wala karibu, lakini mwenye nyumba hakuwasamehe, na Dzoro hakumwomba amsamehe. Alimjengea nyingine kwa mikono yake, miezi mitatu.

Kisha Sheikha, yule shangazi wa Kibokoni, alimwita. Nyumba yake ya ghorofa ilikuwa karibu na bandari ya kale, na chumvi ilikuwa inapanda kwenye kuta za chini mpaka kimo cha mtu. Bamvua zikija, maji yalichuruzika kupitia sakafuni.

"Na yangu iinue," akasema.

Dzoro aliupapasa ukuta. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, yamekaa hapo tangu enzi za babu wa babu zake Sheikha. "Hii haiinuki, bibi. Jiwe la namna hii ukiligusa chini, la juu lajua. Utaua nyumba."

"Sasa?"

Aliyejibu ni Winnie, kwa upole, michoro ikiwa imekunjwa mkononi. Chumba cha chini kiachwe. Simiti iliyopakwa miaka ya karibuni ibanduliwe, ukuta upakwe chokaa upate kupumua. Sakafu iondolewe, ibaki kokoto, na mlango wa nyuma ukatwe tundu mbili chini ili maji yapate njia. Jiko na sebule vihamie juu.

"Mwanipokonya sebule yangu," Sheikha akasema. "Hapa ndipo nilipoolewa. Hapa ndipo mamangu alipooshwa siku aliyofariki."

"Hatukupokonyi, bibi," Dzoro akasema. "Bahari ishaichukua. Sisi twaiambia tu ipite taratibu."

Sheikha alifikiri siku tatu. Siku ya nne alituma watu wahamishe vitu, ila kiti kimoja kirefu cha mpingo alikataa kisiguswe na watu hao, kwa hiyo Dzoro alikibeba peke yake, kidato kwa kidato, huku mama huyo akimfuata nyuma ameshika mguu wa kiti. Bamvua ya Machi ilipoingia chumbani, Sheikha alikuwa amekaa kwenye ngazi, kidato cha saba, Dzoro nyuma yake, akiyatazama maji yakienea juu ya kokoto bila haraka. Yalikaa saa moja na zaidi. Yalipotoka, yaliacha kaa wawili wadogo na ganda la nazi. Sheikha alishuka na ufagio, akamkatalia Dzoro alipotaka kumsaidia, akafagia mwenyewe.